Wenyeviti Wawili wa Tawi la Jimbo

Familia ya Mohanty ilikuwa imekwenda Puri kumpelekea Bwana Jagannath, mungu wa hekalu la huko, kadi ya kwanza ya harusi ya binti yao, na iliporudi jioni ikakuta nyumba yake imefungwa mnyororo. Mnyororo wenyewe haukuwa na kufuli, kwa kuwa kituo cha polisi kilikuwa kimeishiwa makufuli. Ulizungushwa kwenye mlango wa nondo wa barazani, ncha zake zikafungwa kamba, na juu ya fundo la kamba ikamiminwa lakiri nyekundu na kupigwa muhuri wa serikali. Kwa joto la Bhubaneswar lakiri ile ilikuwa bado laini. Konstebo mmoja alikuwa amekaa pembeni kwenye kiti cha plastiki, akibangua karanga.

"Mnamtafuta nani?" aliwauliza.

"Hatumtafuti mtu. Tunakaa hapa," alisema Kuntala, mama wa nyumba, akitua kikapu cha chakula cha hekaluni.

"Hapa hakai mtu. Hii ni ofisi ya chama."

"Ofisi ni chini. Sisi tunakaa juu."

Konstebo aliinua macho, akaitazama ghorofa ya juu kama vile imeota muda ule ule. "Na ngazi ya kupandia iko wapi?"

"Ndani ya baraza. Hapo mlipofunga."

"Hapo sasa," alisema konstebo, akayapuliza maganda kiganjani.

Ghorofa ya chini ilikuwa imepangishwa kwa tawi la jimbo la Chama cha Ustawi wa Umma. Katika jimbo zima la Odisha chama hicho hakikuwa na mbunge wala diwani, na katika uchaguzi uliopita kura zake zilipitwa na kura zilizoharibika. Lakini huko Delhi kilikuwamo ndani ya serikali ya muungano, kikiwa na naibu waziri mmoja, wa barabara, na ili kiendelee kuitwa chama cha taifa ilibidi kionekane kina matawi majimboni. Kwa hiyo Odisha palikuwa na tawi: mwenyekiti, katibu, meza moja, picha ya mwasisi, na kibao chenye mwavuli wa kijani, alama ya chama. Kazi ya tawi ilikuwa kupokea barua za Delhi na kujibu kwamba zimepokelewa. Bei ya vitunguu ikipanda, wanachama walitembea mpaka kwenye mzunguko wa barabara, wakapigwa picha, wakarudi kunywa chai ya Kuntala.

Siku hiyo tawi lilikuwa limegeuka mawili. Delhi ilimwondoa mwenyekiti wa siku zote, mzee Harekrushna Samantaray, ikamteua Prafulla Jena, mwenye malori, ambaye kadi yake ya uanachama ilikuwa bado inanukia wino. Jena alikuja mchana na kibao kipya. Samantaray akagoma kutoka, akasema barua ya kumwondoa haijapitia kwenye tawi la jimbo, yaani kwake mwenyewe. Viti vikarushwa. Polisi walifika, wakawatoa wote, na hakimu akaamuru jengo lifungwe mpaka ijulikane tawi halali ni lipi.

"Tuliita kabla ya kufunga," inspekta aliwaambia kituoni. "Tuliuliza kama kuna mtu. Hakujibu mtu."

"Mama yangu yumo," alisema Gourahari, mume wa Kuntala. Alikuwa karani mstaafu wa idara ya umwagiliaji, na mbele ya mtu yeyote mwenye sare sauti yake ilirudi tumboni.

Inspekta aliacha kuandika. "Yumo wapi?"

"Juu. Mchana hulala. Na hasikii vizuri."

"Mzee wangu, jambo kama hili unalisema sasa hivi?"

"Nilikuwa Puri."

Inspekta alipumua kwa muda mrefu. Hakuwa mtu mbaya. "Nisikilize. Mimi amri ya kufunga ninayo, ya kufungua sina. Yeyote atakayeingia pale, awe amepita mlangoni au dirishani, amevunja lakiri ya hakimu, na hilo ni jela."

"Sasa mama yangu?"

"Mama yako hajavunja sheria yoyote," alisema inspekta kwa upole. "Anaruhusiwa kuendelea kukaa."

*

Walilala kwa jirani yao Sukanti, kwenye chumba cha wageni, watu watatu na mashine ya kushonea. Asubuhi Kuntala alitoka akamkuta mama mkwe wake, Bibi Rambhabati, amekwisha simama kwenye roshani na sari yake nyeupe ya ujane, akimtazama konstebo kwa juu kama anavyotazamwa mtu aliyekuja kuuza samaki wasiotakiwa.

"Kuntala! Mbona umelala nje kama huna kwenu?"

"Tumefungiwa, Mama!"

"Umefanya nini?"

"Tumefungiwa! Polisi!"

"Ah. Mimi nilidhani mmechelewa basi." Bibi alifikiri kidogo. "Na chai yangu?"

Sukanti akatafuta kamba ya kisimani, akamrushia Bibi, naye Bibi akashusha kikapu cha kuokotea maua ya sala, na tangu hapo chai, wali na dengu vikawa vinapanda kwa kamba. Konstebo aliuliza kwa simu kama kikapu ni mtu. Akaambiwa si mtu, mradi kisiingie na kitu chenye siasa.

Gourahari akaenda kuwaita watu wa zimamoto. Walikuja na ngazi yao ndefu, inspekta akiwa amekubali kwamba kutoka si sawa na kuingia. Kijana wa zimamoto alipanda mpaka juu, akamwamkia Bibi kwa heshima, akamnyooshea mikono.

"Unataka nini, mwanangu?"

"Nikubebe, Bibi. Nikushushe."

"Unibebe? Mimi nimeingia nyumba hii kwa mlango, nimejifunika kichwa, mume wangu akiwa mbele. Leo nitoke kwa dirisha, nimebebwa mgongoni na mwanamume, mtaa mzima unanitazama miguu?"

"Mama, teremka!" Gourahari alilia kutoka chini. "Tafadhali!"

"Sisikii," alisema Bibi, akaingia ndani.

Lakini hasa lililomkosesha Kuntala usingizi lilikuwa sanduku. Sari za harusi za binti yake Lipsa, dhahabu yake, vyombo vya shaba vya kupeleka kwa wakwe, vyote vilikuwa kwenye sanduku la chuma chini ya kitanda cha Bibi, na harusi ilikuwa mwezi huo huo. Alimwomba mama mkwe wake avishushe kidogo kidogo kwa kikapu, jioni, watu wakipungua.

"Nishushe dhahabu ya mjukuu wangu barabarani kama vitunguu?" alijibu Bibi kwa sauti iliyofika hadi duka la mwisho wa mtaa. "Yote ile? Na ile mikufu miwili mizito?"

Konstebo akaacha kubangua karanga. Kuntala hakurudia tena ombi hilo.

Lipsa mwenyewe alikuwa mfanyakazi wa benki. Siku tatu alikwenda kazini na sari ya Sukanti, mwanamke mnene mara mbili yake. Siku ya nne meneja alimwuliza mbele ya wateja kama yuko salama nyumbani. Alirudi, akakaa juu ya mkeka, akasema, "Mama, leo wateja wamenichangia huruma. Mmoja ameniachia ndizi."

Jioni ile ile mchumba wake, Sidhant, alikuja kwa pikipiki na mfuko wa nguo za dada yake. Alikuwa mwalimu wa chuo cha ufundi, mtu wa maneno machache. Aliukabidhi mfuko, akasimama chini ya roshani, akamwuliza Bibi kama anahitaji chochote. Bibi akamwambia anahitaji pilipili ya kukaanga. Akaenda akamletea.

*

Wa kwanza kugundua thamani ya Bibi alikuwa mzee Samantaray. Alifika na maua, wanachama kumi na wawili na mpiga picha wa televisheni, akasimama katikati ya barabara, akakunja mikono.

"Mama! Wewe ndiye umebaki kulinda ofisi yetu! Walipotutoa sisi wanaume, wewe ulikataa kutoka!"

"Nilikuwa nimelala," alisema Bibi.

"Mnasikia?" Samantaray aliwageukia watu wa kamera. "Amelala humo humo ofisini kwa ajili ya chama!"

Usiku ulipoingia, jimbo zima lilikuwa limemwona kwenye televisheni, kukiwa na maandishi yaliyosema *Mama wa Mwavuli*. Asubuhi ikawa zamu ya Jena. Yeye hakuleta maua. Alileta sanduku la maembe, feni inayotumia betri, na mpiga picha mwingine wa televisheni.

"Mama ametii amri ya Delhi!" alitangaza. "Analinda mali ya chama mpaka mwenyekiti halali aingie! Mama, sema kidogo."

"Haya maembe ya wapi?"

"Ya shambani kwangu, Mama."

"Ya mwaka jana yalikuwa matamu zaidi," alisema Bibi. Mwaka jana Jena alikuwa bado hajakanyaga pale. Lakini maembe aliyapandisha, na feni pia.

Ikawa hivyo kila siku. Asubuhi Samantaray, alasiri Jena, na kikapu hakikupumzika. Bibi alipokea matunda, shali, redio, picha ya mwasisi ikiwa na fremu, na picha ile ile ya mwasisi ikiwa na fremu kubwa zaidi. Wote wawili walipigiwa simu na Delhi, wote wakapongezwa kwa kazi nzuri, na wote wakaambiwa suala la uenyekiti linashughulikiwa. Kwa Kuntala, aliyekuwa akipika kwenye jiko la mtu na kuoga kwa kuomba, hakuna aliyeuliza lolote, isipokuwa mzee Samantaray, ambaye alimwuliza kama chai ingeweza kupatikana huko alikohamia.

Jioni moja alimkuta mumewe nyuma ya nyumba ya Sukanti, akijifunza kusema peke yake.

"Baba Lipsa, unaongea na nani?"

"Nafanya mazoezi. Nataka kwenda kwa Jena, nimwambie tuko upande wake, afanye haraka."

"Jana si ulikwenda kwa Samantaray ukamwambia hivyo hivyo?"

"Ndiyo sababu nafanya mazoezi," alisema Gourahari. "Nisije nikachanganya majina."

*

Bwana Dibakar Pattanaik, baba yake Sidhant, alifika Jumapili kwa gari la serikali. Alikuwa mhandisi wa barabara kuu za taifa. Kwa miaka minne kituo chake cha kazi kilikuwa Malkangiri, kule mwisho kabisa wa jimbo, ambako aliishi kwenye nyumba ya wageni na kufuliwa nguo na mlinzi. Posa ya mwanawe ilipofikiriwa, aliletewa familia kadhaa, na zipo zilizokuwa na uwezo kuliko akina Mohanty. Lakini ni moja tu iliyokuwa na tawi la chama cha naibu waziri wa barabara chini ya vyumba vyake vya kulala.

Sukanti alimpa kiti kizuri. Yeye alibaki mbele ya kile kiti, akakipangusa kwa leso, kisha akakaa ukingoni.

"Mkwe, nimekuona kwenye habari," alimwambia Gourahari. "Yaani nimeiona roshani. Sasa nieleze. Nyie mko na nani?"

"Sisi tuko... tuko na wote."

"Haiwezekani kuwa na wote. Jena ana barua ya Delhi. Samantaray ana watu. Barua yangu ya kuomba uhamisho nilimpa Samantaray mwezi wa pili. Kama Samantaray kaisha, barua nayo imekwisha, na mimi ndio nimezama."

Kuntala alikuwa anamimina chai. Mkono wake ukasita. "Barua gani, bwana mkwe?"

"Ah, mambo ya kiofisi, dada. Msijali."

"Siku mlipokuja kuposa mlisema mmempenda binti yetu kwa elimu yake."

"Na elimu pia," alisema Dibakar.

Lipsa alikuwa mlangoni na sahani ya vitafunwa. Aliiweka mezani polepole, bila kutoa hata sauti ya sahani, akarudi uani. Kuntala alimfuata, akamkuta anasuuza vikombe ambavyo vilikuwa safi.

"Mwanangu."

"Niko sawa, Mama. Najaribu kuhesabu thamani yangu ni miavuli mingapi."

"Na Sidhant? Alijua?"

"Sijamwuliza. Naogopa atanijibu ukweli, mtu yule hajui kudanganya."

*

Kisha chama kikafa. Hakukuwa na mgonjwa wala matanga. Delhi ilitangaza asubuhi moja kwamba Chama cha Ustawi wa Umma, kwa maslahi ya taifa, kimejiunga na Chama cha Jamhuri Mpya, ambacho ndicho kilichokuwa kinatawala Delhi na Odisha pia. Naibu waziri alibaki naibu waziri. Mwavuli ulifutwa. Matawi yote ya majimbo yalivunjwa saa hiyo hiyo, na wajumbe wake wakaombwa kuwa watulivu.

Gourahari alikimbia hadi kwa hakimu akiwa na gazeti mkononi, akarudi akiburuta miguu.

"Wamesema nini?" aliuliza Kuntala.

"Wamesema lakiri itaondolewa pande mbili zikiondoa malalamiko yao, kwa barua ya tawi la jimbo, yenye muhuri wa tawi."

"Tawi si limevunjwa?"

"Ndivyo nilivyowaambia. Wakasema basi barua haiwezi kupatikana, na bila barua haifunguki."

"Mpaka lini?"

"Karani alisema hawajawahi kupata kesi ya namna hii. Alifurahi kidogo."

Saa za alasiri simu ya Dibakar ikaja. Mnajimu wao, alisema, amezitazama upya nyota za watoto hawa, na sayari zimekaa vibaya. Harusi ingesogezwa mbele. Mpaka lini hakujua, ila wasichapishe kadi zingine. Gourahari alijibu "sawa, mkwe, sawa, sawa" mara nyingi, hata baada ya simu kukatwa.

Lipsa akampigia Sidhant mbele ya mama yake, spika ya simu ikiwa wazi.

"Baba yako anasema sayari zimekaa vibaya."

"Nimesikia."

"Wewe unasemaje?"

Kuntala alishika ukingo wa meza.

"Mimi sayari sizijui," alisema Sidhant. "Ninayoijua ni tarehe iliyo kwenye kadi. Siku hiyo nimeomba likizo, na mkuu wa chuo amekwisha sema haibadilishwi."

Lipsa alicheka, kisha akafuta macho kwa ncha ya sari ya dada yake Sidhant. Kuntala akasimama. Hakusema anakokwenda. Alichukua kisu cha Sukanti cha kukatia maboga, akavuka barabara, akamkuta konstebo anakunja kiti chake.

"Unaondoka?"

"Nimehamishwa, Mama. Wamesema hakuna tena ugomvi wa kulinda."

"Nataka kukata kamba hii."

Konstebo alitazama kisu, akatazama lakiri, akatazama juu. Bibi Rambhabati alikuwa roshanini, redio ya Samantaray sikioni na feni ya Jena shingoni.

"Ukikata ni kosa," alisema. "Ila kosa lazima liwe na mlalamikaji. Wa kulalamika walikuwa wale wa chama." Aliwaza kidogo, akaonekana kuridhika na sheria za nchi yake. "Ngoja kwanza niondoke na kiti. Hiki nilikuta hapa."

Kuntala alikata. Kamba ilikuwa ngumu na kisu kilizoea maboga, kwa hiyo ilimchukua muda, na watu wa mtaa wakakusanyika kumtazama, lakini hakuna aliyemzuia wala aliyemsaidia. Mnyororo ulipoanguka sakafuni alipanda ngazi, akamkuta mama mkwe wake ameshakaa kitandani, juu ya sanduku.

"Umechelewa," alisema Bibi. "Dengu za yule Sukanti hazina chumvi."

*

Wangeweza kuyasahau yote hayo, lakini Chama cha Jamhuri Mpya kilikuwa kinaandaa sherehe ya kuwapokea wageni wake, na sherehe ilihitaji sura ambayo watu wanaijua. Samantaray na Jena walikuja pamoja, ndani ya gari moja, wakapanda ngazi wameshikana mabega.

"Yale yalikuwa mambo ya kifamilia tu," Jena alimwambia Kuntala.

"Ndugu hugombana," alisema Samantaray. "Mama yuko tayari?"

Kuntala alidhani Bibi atawafukuza. Bibi alikuwa tayari tangu alfajiri. Alikuwa amevaa sari ya hariri isiyotoka sandukuni ila kwa mazishi ya watu wakubwa, na aliuliza swali moja tu, kama gari lina kiyoyozi. Alirudi jioni na shada la maua linalofika magotini. Alikuwa amepigwa picha na waziri mkuu wa jimbo, na bila mtu kumwuliza kama anataka, alikuwa ameteuliwa makamu mwenyekiti wa akina mama katika tawi la jimbo. Tawi hili lilikuwa na jengo lake, lenye lifti. Samantaray na Jena walipewa kamati ndogo ya kuratibu, wote wawili wakiwa wenyeviti wenza.

Picha ilitoka gazetini asubuhi. Adhuhuri mnajimu wa akina Pattanaik alikuwa amezitazama sayari kwa mara ya tatu.

Dibakar alipofika safari hii hakupangusa kiti. Alivua viatu kule chini kabisa barazani, akapanda peku, akainama mpaka akaigusa miguu ya Bibi Rambhabati.

"Mama, harusi iko pale pale. Tarehe ya kwenye kadi."

"Harusi ya nani?" aliuliza Bibi.

"Ya mjukuu wako, Mama. Na mwanangu."

"Ilikuwa imeondoka?"

Dibakar alicheka peke yake. Kuntala, aliyekuwa amekaa sakafuni akichambua mchele na Lipsa, hakuinua kichwa. Lipsa naye alikuwa amekwisha sema lake usiku uliopita: angeolewa na Sidhant kwa tarehe ile hata kama Malkangiri ingehamia Delhi. Mwenye haja sasa alikuwa Dibakar peke yake.

"Mama, nina jambo dogo," alisema kwa sauti kubwa, karibu na sikio la Bibi. "Nimekaa Malkangiri miaka minne. Neno lako moja tu kwa Mheshimiwa naibu waziri!"

"Wapi?"

"Malkangiri!"

"Huko kuna nini?"

"Hakuna kitu, Mama! Milima na mbu! Hata barabara hakuna!"

"Na wewe kazi yako ni nini?"

"Barabara, Mama."

Bibi alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeelewa. "Umefanya vizuri kuniambia," alisema. "Lipsa, nipigie yule kijana wa ofisini."

Lipsa alipiga, akamshikia simu sikioni. Dibakar alifunga macho, mikono imekunjwa. Bibi aliongea kwa sauti ya mtu anayedhani simu inafanya kazi kwa kupigiwa kelele, kwa hiyo nyumba nzima ilisikia.

"Ni mimi, makamu. Ndiyo. Nina mkwe wangu hapa, mhandisi. Anasema Malkangiri hakuna barabara hata moja, na yeye yuko huko huko. Mtu kama huyo asiondolewe. Ndiyo. Mwambie Mheshimiwa asimwondoe mpaka zimalizike. Andika jina."

Dibakar alifungua macho. Alifungua na mdomo, akamtazama Gourahari, naye Gourahari akautazama ukuta. Kumsahihisha makamu mwenyekiti ndani ya nyumba yake, mbele ya bi harusi, mtu angeanzia wapi?

"Asante, Mama," alisema mwishowe.

Kuntala hakupata kujua kama mama mkwe wake alisikia vibaya au alisikia vizuri sana. Alimwuliza usiku, akimkanda miguu. Bibi alijibu kwamba amechoka, na kwamba kazi za chama si mchezo.

Tawi la jimbo la Chama cha Ustawi wa Umma, kwa miaka yake yote, halikuwahi kumfanyia mtu jambo lolote. Tawi jipya lilifanya moja kabla wiki haijaisha. Barua ya wizara ilisema kwamba, kwa maombi maalumu ya tawi la jimbo, na kwa kutambua moyo wake wa kujitolea, Mhandisi Dibakar Pattanaik ataendelea kubaki Malkangiri kwa kipindi kingine.

Siku ya harusi alifika kwa basi la kutwa na kucha, kwa kuwa gari la serikali lilikuwa limekwama kwenye barabara aliyotakiwa kuijenga. Vumbi lilikuwa kwenye nyusi zake. Wanawake walipiga vigelegele, Sidhant akashuka garini akiwa na kilemba kilichomzidi, na Kuntala akampokea mlangoni kwa taa na maji, akalia kidogo kama ilivyompasa na kidogo kwa hiari yake. Bibi Rambhabati alikaa mstari wa mbele, baina ya wenyeviti wenza.

Wakati wa chakula Samantaray alizunguka meza kwa meza akiwaeleza wageni kwamba ombi lile la mhandisi yeye ndiye aliyelisukuma. Upande wa pili wa hema Jena alikuwa akiwaeleza wageni wengine jambo lile lile. Walikutana kwenye kiti cha Dibakar, mmoja kulia, mmoja kushoto, kila mmoja akimpigapiga bega lake.

Dibakar aliweka sahani chini, akasimama, akawashukuru wote wawili.